Barua ya wazi: Si kila mboni nyeupe ya mtoto ni mtoto wa jicho

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri wa Nchi, TAMISEMI. Mganga Mkuu wa Serikali. Na Waganga Wakuu wa Mikoa na Halmashauri zote.

Yah: Kutofautisha saratani ya jicho la mtoto na magonjwa yanayofanana nayo

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi wa macho niliyestaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa katika hospitali ya wilaya mkoani Singida. Katika daftari nililokuwa nikiweka kumbukumbu zangu za kazi upo ukurasa wenye watoto wawili waliofika kwetu mwezi mmoja, na mbele ya kila mmoja nimeandika maneno yaleyale: mboni nyeupe, jicho la kushoto. Wa kwanza alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Wa pili alikuwa na miaka sita. Wa kwanza alikuwa na saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, na mama yake alikuwa ameambiwa kwamba ni mtoto wa jicho. Wa pili hakuwa na saratani, na baba yake alikuwa ameambiwa kwamba anayo. Nimeuweka ukurasa huo mbele yangu ninapoandika barua hii, kwa sababu yote ninayotaka kuwaomba yamo ndani yake.

Mama wa yule wa kwanza ndiye aliyeuona ugonjwa kabla yetu sote. Mtoto akiwa na miezi saba, akimnyonyesha usiku kando ya taa ya sola, aliona jicho moja likimulika weupe kama jicho la paka linavyomulika barabarani likipigwa na taa za gari. Alimpeleka zahanati asubuhi yake. Mhudumu alimtazama mlangoni, penye jua kali, mboni ikiwa imesinyaa kama tundu la sindano, na kwa kweli hakuona kitu. Akampa dawa ya kupaka na kumwambia arudi likiwa jekundu. Halikuwa jekundu. Mama alirudi baada ya miezi mitatu kwa kuwa weupe ulikuwa sasa unaonekana hata mchana, na safari hii akaandikiwa kwamba ni mtoto wa jicho, asubiri kambi ya upasuaji wa macho. Kambi ilikuja miezi mitano baadaye.

Mimi ndiye niliyempakata mtoto yule siku ya kambi, daktari akimulika. Lenzi, ambayo ndiyo huingia ukungu mtu akiwa na mtoto wa jicho, ilikuwa safi kabisa. Weupe ulikuwa nyuma yake, umevimba kama tui lililoganda, na juu yake ilipita mishipa myembamba ya damu. Daktari alizima tochi, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama, huyu hatumfanyii upasuaji hapa." Kutoka siku ile hadi familia ilipopata nauli ya kwenda hospitali ya rufaa zilipita wiki saba, na jicho lilikuwa limeshaanza kutoka nje. Mtoto hakufikisha miaka miwili.

Sisemi haya kumlaumu mhudumu wa zahanati ile. Alifundishwa kwamba weupe ndani ya mboni ni mtoto wa jicho, nami nilifundishwa hivyo hivyo. Hata lugha yetu ina mchango katika jambo hili, maana jina lenyewe, mtoto wa jicho, linasikika kama jambo dogo lisilo na haraka. Mzazi akilisikia humkumbuka bibi yake aliyepasuliwa akaona tena, na hurudi nyumbani akiwa ametulia. Ugonjwa wa wazee unasubiri kambi. Retinoblastoma haisubiri, na wakati inapoonekana kwa macho matupu katika mboni, mara nyingi imekwisha kuwa kubwa ndani ya jicho.

Naomba nieleze kwa ufupi ugonjwa wenyewe, kwa sababu baadhi yenu si watu wa macho. Retinoblastoma huanzia katika retina, utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Huweza kushika jicho moja au yote mawili. Takriban watoto wanne katika kila kumi wenye ugonjwa huu wana hitilafu ya kurithika katika jeni iitwayo RB1, na hao ndio ambao wadogo zao na baadaye watoto wao wanapaswa kupimwa macho tangu wiki za kwanza za maisha. Duniani hugunduliwa watoto wapatao 8,000 kila mwaka. Watafiti wa Kenya walikadiria kwamba nchini kwao ugonjwa huu humpata mtoto mmoja katika kila watoto 17,000 hivi wanaozaliwa hai. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, na ikiwa kiwango chetu kinafanana na cha majirani zetu, basi tunazungumzia watoto zaidi ya mia moja kila mwaka, ambao idadi yao ingejaza madarasa mawili ya shule ya msingi.

Hawa si watoto wasiotibika. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto tisini na watano katika kila mia hupona. Tofauti kati yao na sisi haitokani na saratani kuwa kali zaidi kwetu. Inatokana na siku tunazozipoteza. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya taarifa za watoto 4,351 waliogunduliwa mwaka 2017 katika nchi 153, ulionyesha kwamba umri wa kati wa kugunduliwa katika nchi za kipato cha juu ni miezi 14, ilhali katika nchi za kipato cha chini ni zaidi ya miezi 30. Katika nchi hizo maskini karibu nusu ya watoto walifika saratani ikiwa imekwisha toka nje ya jicho. Katika nchi tajiri hawakufika hata wawili katika mia. Mama wa mtoto wangu wa kwanza aliona weupe mtoto akiwa na miezi saba. Kama jicho lile moja lingetolewa mwezi ule, naamini leo angekuwa shuleni.

Sasa niwageukie wale wanaofanana nao, kwa sababu kosa la upande wa pili nalo lipo na linaumiza. Wataalamu wa saratani za macho wa Philadelphia, Marekani, walipopitia kumbukumbu za wagonjwa 2,775 waliopelekwa kwao kwa hofu ya retinoblastoma, walikuta 604, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano, hawakuwa nayo. Walikuwa na magonjwa mengine 27 tofauti. Ikiwa madaktari wa Marekani, wenye vyombo vyote, walikosea kiasi hicho wakati wa kutoa rufaa, hatuwezi kumtaka mhudumu wa zahanati, mwenye tochi ya simu, atofautishe peke yake.

Ugonjwa ulioongoza katika orodha yao, kwa takriban wanne katika kila kumi wa wale 604, ndio ule aliokuwa nao mtoto wangu wa pili. Unaitwa ugonjwa wa Coats. Mishipa midogo ya retina hutanuka vibaya na kuvujisha majimaji yenye mafuta, mpaka retina inainuka kutoka mahali pake. Huwapata zaidi wavulana, kwa kawaida jicho moja tu, na mara nyingi hugunduliwa katika umri mkubwa kidogo kuliko ule wa retinoblastoma. Mwanga ukiingia ndani, kinachorudi mara nyingi si weupe wa maziwa bali umanjano wa samli. Mtoto wangu wa pili alikuwa na umanjano huo, na laiti ningelijua maana yake siku ile ningelimwambia baba yake asikate tamaa kabla ya wakati. Mahali alikopitia kwanza aliambiwa kwamba ni saratani na kwamba jicho litolewe wiki ileile. Baba alimchukua mtoto usiku akarudi naye kijijini, akauza ng'ombe wawili kulipia dawa za mtu aliyeahidi kuirudisha mboni kuwa nyeusi. Walipofika kwetu miezi kadhaa baadaye, baba alisimama mlangoni muda mrefu na hakutaka kuingia. Tulimpigia simu daktari wa rufaa mbele yake, tukaweka spika asikie mwenyewe. Huko rufaa mtoto alilazwa usingizi akapimwa macho yote mawili, akapigwa altrasaundi ya jicho, haikuonekana dalili ya kalsiamu, na mishipa iliyotanuka ikaonekana waziwazi. Alitibiwa kwa leza. Kuona kwa jicho lile hakukurudi, lakini jicho lipo, na baba yake hana tena hofu ya hospitali.

Nimeitaja kalsiamu kwa makusudi. Retinoblastoma nyingi huwa na chembechembe za kalsiamu ndani yake, na chembe hizo hung'aa katika altrasaundi na kutupa kivuli nyuma yake, kwa hiyo kipimo ambacho hospitali zetu nyingi tayari zinacho kwa ajili ya wajawazito kinaweza kusaidia sana kikiwa mikononi mwa mtu aliyefundishwa kupima jicho. Siti skani nayo huonyesha kalsiamu, ila kwa watoto wenye hitilafu ya RB1 ni vyema kuepuka mionzi inapowezekana na kutumia MRI, kipimo kisicho na mionzi hiyo, kwani watoto hao wana hatari kubwa ya kupata saratani nyingine maishani.

Wa pili kwa wingi katika orodha ile ni mishipa ya jicho ya wakati wa mimba isiyonywea kama inavyopaswa. Mtoto anapokuwa tumboni, ndani ya jicho lake hupita mishipa inayolisha lenzi, nayo hutoweka kabla hajazaliwa. Kwa watoto wengine hubaki, ikaacha utando mweupe nyuma ya lenzi. Weupe huo huwapo tangu kuzaliwa, kwa kawaida jicho moja, na dalili inayosaidia sana ni kwamba jicho hilo huwa dogo kuliko mwenzake. Jicho lenye retinoblastoma kwa kawaida si dogo. Mama akiulizwa vizuri, na macho yote mawili yakitazamwa kwa pamoja, tofauti hii huonekana hata bila mashine.

Kisha upo mtoto wa jicho wenyewe, ule wa kuzaliwa nao, ambao weupe wake umo ndani ya lenzi, mbele, na mara kadhaa hutokana na rubela aliyoipata mama akiwa mjamzito. Nao si wa kusubiri kambi, maana ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na lenzi ikichelewa kutolewa jicho hubaki na ulegevu wa kuona maisha yote. Wapo pia watoto njiti waliopewa oksijeni, ambao retina yao inaweza kujikunja na kuleta weupe katika macho yote mawili. Hawa tutawaona zaidi kadiri wodi zetu za watoto wachanga zinavyookoa njiti wengi, na ni jambo la kushukuru linalodai maandalizi. Wapo wanaopata minyoo ya mbwa ndani ya jicho kutokana na kuchezea udongo wenye kinyesi cha vitoto vya mbwa. Na wapo wenye kovu jeupe la kioo cha jicho, la surua au la upungufu wa vitamini A, ambao kila mtu anaweza kuwatofautisha akikumbuka jambo moja: kovu liko juu ya jicho, mbele ya rangi ya jicho, si ndani ya mboni.

Mboni nyeupe ni nusu tu ya habari. Kengeza ni dalili ya pili ya retinoblastoma kwa kuonekana mara nyingi, nasi tumezoea kuambiana kwamba kengeza la mtoto ni urembo au litaisha akikua. Kengeza lolote la kudumu kwa mtoto mchanga lazima lipimwe nyuma ya jicho. Vilevile saratani hii huweza kufika ikiwa na sura ya maambukizi: jicho jekundu, kope zimevimba, mtoto ana homa. Nimeona mtoto akipewa sindano za antibayotiki kwa wiki mbili kwa sababu ya uvimbe ambao kwa kweli ulikuwa umetokana na saratani iliyooza ndani ya jicho. Antibayotiki zisipoleta nafuu katika siku chache, swali lazima libadilike. Mara nyingine mzazi hukumbuka kwamba mtoto alichomwa na kijiti au alianguka, na sote tukaamini kwamba damu iliyo ndani ya jicho ni ya kijiti kile, wakati retinoblastoma nayo huweza kuvuja damu bila kuguswa na chochote.

Jicho lililotoka nje kabisa nalo halina maana moja katika ukanda wetu. Uvimbe wa Burkitt, ambao Denis Burkitt aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda, hupenda taya na tundu la jicho la watoto wa Afrika Mashariki, na huweza kulisukuma jicho nje kwa siku chache tu. Mtoto wa Burkitt kwa kawaida ni mkubwa kuliko wa retinoblastoma, meno yake hulegea, mara nyingine tumbo nalo huvimba, na tiba yake ni dawa za saratani, si kisu. Kumtoa jicho mtoto wa Burkitt ni kumwonea. Kumchelewesha ni hatari, kwa kuwa uvimbe huo hukua haraka kuliko karibu uvimbe wowote mwingine, na vilevile hunywea haraka ukitibiwa kwa wakati.

Waheshimiwa, ninachosema ni hiki. Kazi ya kutofautisha tumeiweka mahali pasipostahili. Tumemwachia mhudumu wa zahanati aliye peke yake na foleni ya akina mama arobaini, naye hulazimika kuandika jina la ugonjwa kwenye kadi, na jina hilo ndilo linaloamua kama mtoto ataondoka kesho au atasubiri miezi mitano. Zahanati isitakiwe kutoa jina. Itakiwe kuona, kuandika "mboni nyeupe" au "kengeza" au "jicho limetoka", na kumtuma mtoto. Kutofautisha kufanyike kule ambako kuna nusu kaputi, altrasaundi ya jicho, na daktari aliyezoea macho ya watoto.

Kuona kwenyewe hakuhitaji gharama kubwa. Kipo kifaa kidogo kiitwacho Arclight, kinachochajiwa kwa jua na kuenea kiganjani, kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskochi, na ambacho wahudumu wa afya ya msingi hapa Tanzania wamekwisha kufundishwa kukitumia. Mtoto hupakatwa na mama yake, dirisha huzibwa kwa kanga ili chumba kiwe na giza na mboni zifunguke, na mhudumu humulika macho yote mawili kwa pamoja akiwa umbali wa mkono. Mwanga hurudi kutoka nyuma ya jicho kama kaa la moto linalofifia. Hapa naomba niseme jambo ambalo picha za vitabu vya Ulaya hazilionyeshi vizuri: kwa watoto wetu wenye macho meusi mng'ao huo si mwekundu mkali, huwa wa kahawia au wa rangi ya chungwa iliyokolea, hivyo muuguzi anayetafuta wekundu wa kitabuni atachanganyikiwa. Kinachotafutwa ni macho mawili kufanana. Jicho moja likiwa jeupe, la manjano, jeusi kabisa, au hafifu kuliko mwenzake, mtoto huyo ana rufaa.

Fursa za kulifanya hilo tunazo tayari. Kila mtoto huletwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne, kisha miezi tisa na miezi kumi na minane kwa surua na rubela. Mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, tunawaita watoto wote kuanzia miezi sita hadi kabla ya kutimiza miaka mitano kwa matone ya vitamini A. Mtoto anafungua kinywa, tunamdondoshea matone kwa ajili ya macho yake, na hatumtazami macho. Naomba kadi ya kliniki iwe na mstari mmoja wa mng'ao wa mboni katika kila mahudhurio hayo, ujazwe kama uzito unavyojazwa. Kenya walitoa mwongozo wao wa kitaifa wa retinoblastoma mwaka 2014, na wataalamu wetu wenyewe wamekwisha kufanya majaribio ya mafunzo ya macho ya watoto kwa wahudumu wa afya ya msingi. Hatuanzi patupu.

Wazazi nao washirikishwe kwa uaminifu. Siku hizi weupe mara nyingi huonekana kwanza kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi, na mzazi anayekuja na picha hiyo asirudishwe kwa sababu mhudumu haoni kitu. Ni kweli kwamba picha moja inaweza kudanganya: mtoto akitazama upande kidogo, mwanga ukagonga pale mshipa wa fahamu wa jicho unapoingilia, weupe huonekana hata katika jicho lisilo na ugonjwa wowote. Dawa yake ni kupiga picha kadhaa mtoto akitazama mbele, kisha kupima kwenye giza. Picha isiwe sababu ya kumwambia mama kwamba mtoto ana saratani, wala isiwe sababu ya kumcheka.

Kwa hospitali za wilaya na kambi za macho ombi langu ni kali zaidi. Jicho la mtoto lenye weupe lisipasuliwe na lisichomwe sindano ya kuchukua kinyama kabla nyuma yake haijaonekana kwa macho au kwa altrasaundi. Kwa saratani nyingine tunachukua kinyama ili kuthibitisha. Kwa retinoblastoma tundu la sindano lenyewe linaweza kuwa mlango wa saratani kutoka nje ya jicho. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kwa makosa amehamishwa kutoka kundi la wanaoponeka kwa urahisi kwenda kundi la hatari, na aliyemhamisha ni sisi.

Naomba pia iwepo namba moja ya simu, inayofahamika katika kila halmashauri, inayomfikisha muuguzi wa macho kwa daktari wa macho ya watoto katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi, siku ileile. Nimeshuhudia baba aliyekimbia usiku akirudi kwa sababu ya simu moja. Na nauli iwekwe kwenye bajeti. Muhimbili, kwa kushirikiana na shirika la hisani la Tumaini la Maisha, watoto wenye saratani hutibiwa bila wazazi wao kutozwa, lakini kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita mia saba, na mama mwenye watoto wengine wanne nyumbani hawezi kukamilisha mizunguko sita ya dawa kwa kukopa nauli kila baada ya wiki tatu. Wengi wa wanaohesabiwa kuwa wameacha tiba hawakuacha kwa kutojali. Walishindwa kupanda basi.

La mwisho ni la maabara. Kila jicho la mtoto linalotolewa liwekwe kwenye fomalini, dawa ya kulihifadhi, na lifike patholojia, yaani maabara inayochunguza nyama za mwili, na jibu lirudi kwa daktari na kwa mzazi. Jibu hilo ndilo husema kama ilikuwa saratani au kitu kilichofanana nayo, kama imegusa mshipa wa fahamu wa jicho, kama mtoto anahitaji dawa zaidi au anaweza kwenda nyumbani na jicho la bandia. Bila jibu, wanaohitaji dawa huachwa, wasiohitaji hupewa, nasi hatujui tulikosea mara ngapi. Nimeona chupa zikikaa dirishani mpaka lebo zake zikafutika kwa jua.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani za watoto, likaiweka retinoblastoma miongoni mwa saratani sita za kipaumbele, na lengo ni angalau watoto sitini katika kila mia wapone ifikapo mwaka 2030. Watoto watakaohesabiwa mwaka huo wanazaliwa katika wodi zetu miaka hii, na wengine wataletwa kliniki wiki ijayo kwa chanjo.

Daftari langu lina kurasa nyingine ambazo sikuziandika hapa, bila majina ya watoto, zenye tarehe ya mama kuona weupe mara ya kwanza na tarehe ya mtoto kumfikia daktari. Nipo tayari kulileta Mtumba, Dodoma, siku yoyote nitakayoitwa, na nipo tayari kukaa na waandaaji wa kadi mpya ya kliniki bila malipo, nikaonyesha kwa tochi na kanga jinsi mstari ule unavyojazwa.

Wenu katika huduma,

Muuguzi mstaafu wa macho,
Singida